Midoli ya Mama Inasema Lugha Mbili

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kijino,

Pole na kazi, pole na baridi ya huko ughaibuni. Mkeo hajambo? Na binti yenu, meno ya mbele yameshaota? Sisi tu wazima. Goti linamsumbua Mama kidogo, ila ukimwambia apumzike anakuwa mkali.

Nina habari, na nikiichelewesha nitapasuka. Unakumbuka Mama alivyokuwa akishona midoli ya vitambaa kupitisha muda. Mwaka huu jirani yetu fundi redio aliitilia vifaa vya sauti tumboni. Ukiubonyeza mdoli, unasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Kiingereza nimesoma mimi. Kiswahili ni sauti ya Mama mwenyewe, ile ile iliyokuwa ikituamsha twende shule.

Tuliipeleka kwenye duka kubwa la vitu vya watoto. Mwenye duka aliipenda, akataka mingi, ila kwa sharti.

"Mama, toa Kiswahili. Wazazi wa siku hizi wananunua Kiingereza."

Nilimkanyaga Mama mguu ili akubali. Akausogeza mguu wake.

"Lugha ya kumbembelezea mtoto siitoi, mwanangu. Kama haiuziki, narudi nayo nyumbani." Akaanza kuirudisha midoli mfukoni.

Kumbe nyuma yetu mteja mmoja alikuwa na binti yake, na mtoto ameshaubonyeza mmoja. "Umekula, mpenzi?" mdoli ukauliza kwa sauti ya Mama. Mtoto akaujibu, "Bado," akakaa nao sakafuni.

"Kiingereza anajazwa shuleni kutwa," mama yake akasema. "Nipeni huu huu, na lugha zake zote mbili."

Mwenye duka akacheka. "Haya, Mama. Iache kama ilivyo."

Sasa maduka mengine yameanza kuiulizia, sebule imejaa pamba, na Mama ameajiri mafundi wawili anaowagombeza kama alivyotugombeza sisi. Mtaani naitwa mtoto wa Mama Midoli, nami natembea kifua mbele.

Hili la mwisho hulijui, maana ulikuwa kazini. Binti yako, ambaye siku zote huishia kucheka tu na bibi yake kwenye simu kwa kuwa Kiswahili hakijui, juzi alipiga kwa simu ya mkeo. Alikuwa na mdoli tuliomtumia. Akasema kwa Kiswahili, polepole, neno moja moja, "Bibi, njoo ulale kwangu."

Mama aliketi juu ya pamba, akamwomba aseme tena. Na tena. Tangu siku hiyo anaulizia pasipoti inavyopatikana.

Shangazi na Baba Mdogo wanakusalimu sana. Mungu awafunike na kuwalinda nyote.

Ni mimi nikupendaye na kujivunia ukoo wetu,
Dada yako mkubwa