Kigari Kinachokimbia Juu ya Mapipa

Kaka Yeremia,

Kamwene! Na nyumba nzima kamwene, hata yule jogoo wako mkorofi kama bado hamjamla. Mguu wa mama umepoa? Baridi ya Njombe imeunguza viazi, au safari hii imewaonea huruma? Mimi huku Afrika Kusini, Joni mgodini, mzima, nakula, nacheka, ila moyo unawaka. Ngoja nikuambie.

Chini ya ardhi kuna kigari cha betri kinachovuta mawe. Hakina moshi, lakini kilikuwa kinatufia njiani, tunakisukuma kama ng'ombe mgonjwa. Fundi huyu anasema betri, yule anasema mota. Mimi nikakumbuka Matembwe, tulivyokuwa tunaviringisha magogo kwa baba mdogo. Nikamwambia bwana wa karakana tukipandishe, magurudumu yakae juu ya mapipa yanayozunguka. Kila pipa nikalifunga mkanda wa ngozi. Ukikaza, kigari kinadhani kinapanda mlima! Nikatia na vipimo viwili, sindano moja inapima betri, nyingine mota. Kaka, betri iliyopumzika ni mwongo, sindano inasimama wima kama askari. Kaza mkanda ndipo utajua kama ni yenyewe inayolala au ni mota.

Basi siku hizi kinakimbia kutwa nzima pale karakanani, hakifiki popote.

Nikaomba likizo. Zakaria wangu anatembea sasa, na sura yangu haijui. Bwana akasema, "Ukienda wewe, mtambo ukiharibika nani atautengeneza?" Halafu likizo akampa Sanga! Sanga, Mkinga wa Matamba, ambaye kazi yake ni kukaa kwenye kigoda anasoma sindano. Wivu umenishika, kaka. Amenunua kofia. Amenunua na saa, anaitazama mpaka akiwa anaoga.

Jana ananiambia mbele za watu, "Lukasi, nikusalimie shemeji?"

"Shemeji yako tangu lini? Mimi Mbena, we Mkinga!"

"Basi nitamwita Mama Zakaria. Nitambebea na kuni."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, meno ya nje tu.

Lakini mzigo wangu sina mwingine wa kumpa. Analeta blanketi la mama, khanga ya mke wangu Eliza na viatu vya mtoto. Barua hii natanguliza posta. Kampokee Makambako wewe mwenyewe, asije akafika kwangu peke yake. Halafu Eliza apike pombe ya ugimbi, muitishe mgowe, watu waje kulima kwa pamoja lile shamba langu la mteremkoni. Mchungaji asisikie. Anayekunywa pombe ya mgowe lazima ashike jembe, Sanga hawezi kukataa. Mpange mstari wa juu kabisa, na saa yake. Kaza mkanda, kaka! Akilala kabla ya mchana, mpe chai, msindikize kwao.

Na asipolala? Hilo nimeliwaza sana, sikulipenda. Basi akae, amsimulie Zakaria habari za mtambo. Ila msikilize vizuri, asije akasema aliujenga yeye.

Msalimie mama, na Eliza umwambie namwota, na shangazi wa Mawengi anayenidai harusi ya pili, mwambie hata hii moja inanitoa jasho.

Viatu vya mtoto umvalishe wewe, kaka, si Sanga. Nisije nikarudi nikakuta mwanangu ananikimbia mimi, anamkimbilia mtu wa kofia.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki juu ya mapipa,
Lukasi