Kabla Sijavuliwa Nguo Nyeusi

Mtaa wa San Cristóbal,
Tarma, Peru.
27 Mei 2009

Mpendwa kaka Teodosio,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hali yako huko Torino ikoje? Kifua bado kinakusumbua baridi ikizidi? Watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Mimi nakula, nalala, naenda kazini. Zaidi ya hapo sijui nikuambie nini.

Tangu tumzike mama Agosti iliyopita sijalia. Watu wananisifu, eti nina moyo mgumu. Si moyo mgumu, kaka. Nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa.

Wiki jana nilifundisha kidato cha tatu lile umbo la vitenzi vya Kihispania tunalotumia kwa mambo tuliyotaka yatendeke zamani. Niliandika ubaoni hablara, comiera, viviera, yaani aseme, ale, aishi, vitenzi vya kawaida visivyosumbua, nikamtaka kila mmoja atunge sentensi ya kuanza na "Nilitaka". Nélida, binti wa mwoka mikate, akasema, "Nilitaka mbwa wetu aishi." Darasa zima likaangua kicheko. Jirani yake akamwambia, "Mbwa mwenyewe mwizi wa kuku, mwache apumzike!" Kisha wakanigeukia mimi: "Mwalimu, na wewe toa yako, usitegee!"

Nikasema, "Nilitaka kaka yangu abebe jeneza."

Nikaiandika ubaoni, nikapigia mstari mwisho wa kitenzi, nikawaambia wanakili.

Jumamosi nikaenda kununua viazi nimevaa sweta ya kijani. Haki ya Mungu sikutambua. Shangazi Zoila akanidaka mbele ya wauza maua. "We Hermelinda! Mwaka haujatimia, ushajivua nyeusi mwenyewe? Unataka roho ya mama yako itangetange?" Nikamjibu, "Nimevaa tu, shangazi." "Nimevaa tu! Kamwambie hivyo marehemu!" Akanifunika shali yake, tukarudi nyumbani huku soko zima likicheka. Niliona aibu kidogo, nikafurahi kwamba nimeiona.

Sasa neno lenyewe. Misa ya mwaka ni tarehe 16 Agosti. Unajua kwetu mfiwa hajivui nyeusi. Kuna mtu wa kumvua na kumvisha nguo ya rangi, na kwangu mtu huyo ni wewe, ndipo watu wacheze. Shangazi anataka kumpa kazi hiyo Don Lázaro, muuza maua, maana wewe amekukatia tamaa. Anasema, "Yule wa Torino ataleta simu, mikono haleti." Hukuja kuzika na sikukasirika, hata hasira sina. Lakini hili linanitisha, na mwaka mzima hakuna kingine kilichonitisha. Don Lázaro akinivua, nitakula, nitacheza, na nitakuwa nimemaliza msiba wa mama na wako pamoja. Sitakungoja tena.

Nisalimie wifi Loredana na wanao. Binamu Edelmira anakusalimu, anasema simbilisi wake wamenona na hawajui wananoneshewa nani. Mungu akulinde njiani na kazini, akupe pumzi.

Nimemwomba shangazi asimpe Don Lázaro neno mpaka Julai iishe. Amekubali kwa kununa. Kaka, njoo.

Ni mimi dada yako nikupendaye, bado mwenye nyeusi,
Hermelinda