Mulima ya Papa

Kijijini, upande wa Kasenga, 9 Oktoba 2024

Mudogo yangu Donat,

Jambo yako, jambo ya bibi yako Annie na batoto. Malaria ilisha kuniacha, namushukuru Mungu. Ni tumbo ndiyo inalalamika. Mvua ilikuya siku tatu, tukapanda, ikakimbia, mahindi ikakauka. Kisha mvua ikarudia na hasira, ikabeba udongo. Tuko bengi hapa, mashamba imebanana sawa mikeka ku kilio. Hakuna pa kuhamia.

Inabakia mulima ya Papa, yenye baba yetu alituachia. Kule maji ya kisima inatokeaka, na vinkubala, bale badudu ba miti ba kula, tunaokotaka wakati bukari ya mahindi inakosa. Bachoma-makala banaizunguka na mashoka. Shefu anakubali kuifunga, muntu asikate tena muti, lakini anaomba barua ya mukono yako, juu hata kama miye yaya nilizaliwa mbele, ni weye mutoto mwanaume mukubwa. Barua moya tu! Weye unaandikaka kurasa mia juu ya miti ya bantu bengine.

Yaya yako,
Hortense

Kampemba, Lubumbashi, 2 Desemba 2024

Yaya mupenzi,

Salamu katika Bwana. Siye bote tuko bazima, Annie anakusalimia. Unisamehe kuchelewa, ni séminaire juu ya séminaire. Le changement climatique, Yaya, ile kugeuka ya hali ya hewa, inaomba stratégie, haiombi haraka. Ufundishe bantu ba kijiji résilience, ni kusema kuvumilia. Baache kukata miti ovyo, ile ni bujinga.

Paulin, shofere ya kamio ya mizigo, anakuletea barua ya shefu. Anakuya na aparei ya kupiga foto: bamama basimame mu shamba yenye kukauka, basicheke. Ni ya konferansi yangu.

Mudogo yako,
Donat

Kijijini, 20 Desemba 2024

Donat,

Afya yako siulizi.

Kuona Paulin, nilipiga vigelegele, miye mujinga. Shefu hasomaki, ni miye ninamusomeaka. Akaita kijiji yote. Nikafungua: "Mimi Donat, mwenye mulima, ninapatia Paulin ruhusa ya kukata miti. Magunia makumi ine ya makala ifike Kampemba mbele ya Noeli."

Ningeweza kugeuza maneno, hakuna mwenye angejua. Sikugeuza. Nilisoma mupaka signature, mupaka na cachet, muhuri yako ya "Expert Climat". Bantu bakacheka mupaka machozi. Miye haya ilinishika, nikatamani udongo inimeze. Expert, mujuzi ya hali ya hewa! Bibi yako anapikaka iyo résilience na nini, kama hapana na makala ya mulima yetu?

Bamama balisimama kweli, lakini mbele ya kamio, majembe mu mikono. Ile foto Paulin hakupiga. Alirudia na magunia yake tupu.

Shefu akaifunga mulima siku ile ile, hakuomba tena barua, akaitia mu mikono yangu. Mbele ya kunipatia, aliniuliza mbele ya bantu bote: uyu Donat ni nani kwako?

Nikamujibu: ni muntu moya wa Lubumbashi, anatafutaka makala.

Hortense