Kiroba cha Maganda

Wifi yangu,

Nimechoka. Nakuambia wewe kwa sababu kaka yako nikimwambia ananijibu nikalale, kana kwamba huu ni uchovu wa usingizi.

Meza yetu ya ndizi bado iko palepale sokoni Mbalizi, jirani na kizimba cha taka. Corona ilipopita watu waliacha kunawa, ila kutupa hawakuacha. Zile ndoo zenye koki zilizowekwa kila mlango zimepasuka, zimeishia humo kizimbani pamoja na barakoa na glavu. Gari la taka likija tunapiga vigelegele. Lisipokuja, wateja wanaziba pua na kwenda kununua upande wa pili.

Unakumbuka zamani? Maganda ya ndizi, majani ya kabichi, viazi vilivyooza, vyote Mama Subi alishuka toka mlimani kuwachukulia nguruwe wake. Kabla hajajitwisha kiroba, wewe ulizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, ukapapasa, usije ukampa kipande cha chupa. Mimi nilisimama pembeni nimekunja uso, nawe ukinicheka: "Wifi, uliolewa na kaka yangu au na sabuni?"

Kisha kifua kikakubana. Tulikuzika watu wachache, tumesimama mbalimbali. Sikuruhusiwa hata kukushika mkono. Tangu hapo hakuna aliyepapasa tena. Haukupita muda, nguruwe wa Mama Subi akameza barakoa iliyotoka kwetu, akavimba tumbo, akafa. Mama Subi hakugombana na mtu, aliacha tu kuja. Maganda yote yakahamia kizimbani.

Sasa kamati ya soko imesema uozo usipopungua, meza za upande wetu zitaondolewa. Nimeweka kiroba cha maganda peke yake. Nimewabembeleza majirani, wananiitikia "sawa dada," nikigeuka wameshatupia pampasi. Juzi nilikaa chini nikalia kwa hasira mbele za watu. Halafu nikapanda mlima kwenda kumwomba Mama Subi arudi.

Leo kashuka. "Ugonile," kanisalimu, akakitazama kiroba bila kukigusa. Akauliza jambo moja tu: "Nani kapapasa?"

Wifi, niliogopa. Tangu msiba wako sijagusa taka za mtu kwa mkono mtupu. Nikapandisha mkono wa sweta, nikauzamisha. Mlikuwa na joto na utelezi. Chini kabisa nikatoa barakoa ya buluu, imejikunja. Mama Subi akaiangalia, akaniangalia mimi. Nikarudisha mkono, nikapapasa upya, kila pembe, mpaka nikaridhika. Ndipo akainama nimtwishe.

Pumzika, wifi. Nitapapasa kila jioni atakayoshuka, hata nikiwa nimechoka hivi. Sabuni ninayo.