Injini Iliyopimwa kwa Futi ya Fundi Cherehani

Nyumba ya mlango wa kijani,
Nyuma ya kiwanda cha mikate,
S.L.P. la jirani (ufunguo wa letu bado haujaonekana).

Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Baridi imekuachia kidogo, au bado unalala na soksi kama ulivyotuandikia? Mgongo je? Na mkaza mjomba, na wale mapacha, wanaendeleaje? Nawasalimu nyote kabla sijagusa habari nyingine, maana Mama amesimama nyuma ya kiti changu na mkasi mkononi, ananikataza nisianze na mambo ya vyuma kama mtoto asiyelelewa.

Sisi huku tu wazima. Mama anashona kama kawaida. Kutunga uzi ndiko kunakomsumbua, lakini ukimwambia avae miwani anasema sindano za siku hizi ndizo zenye matundu madogo. Mimi bado naendesha gari la mikate, na bado ni mfupi vilevile, kwa hiyo jina la Nukta ulilonibandika utotoni halijapata sababu ya kubadilika. Baba ana nafuu kubwa. Mdomo umerudi mahali pake na maneno yamerudi yote, pamoja na yale ambayo tulikuwa tumepumzika kuyasikia. Mguu wa kushoto ndio uliogoma. Goti halikunjiki kabisa, akikaa mguu unabaki umenyooka mbele yake, nasi tumeshazoea kuuruka tunapopita sebuleni.

Sasa Mama ameniruhusu. Injini imefika, Mjomba. Imefika salama, haina hata mkwaruzo.

Tulipofungua sanduku tulikuta umeifunga kwa blanketi. Mama aliligeuza mara moja tu, akaona upindo, akaketi chini palepale uani. Ni lile blanketi alilokushonea ulipokuwa unaondoka. Alilia kidogo, halafu akakugombeza kwa sauti kana kwamba upo, kwamba mtu gani mwenye akili anavua blanketi lake kwenye baridi ili avalishe chuma. Najua ulikuwa na sababu zako. Lakini mimi nilipoliona lile blanketi ndipo nilipoelewa ulivyoitengeneza hiyo injini: jioni baada ya jioni, umeshachoka na kazi za watu, unaunga injini mbili zilizokufa ziwe moja nzima, kwa ajili ya gari la shemeji yako ambaye hamjawahi kumaliza simu bila kutaniana hadi mmoja anune. Asante, Mjomba. Nitaisema tena chini, lakini nimeona niitangulize.

Unajua lile gari lilivyo kwa Baba. Majirani waliliita Mama Mkwe kwa sababu ni kitu pekee hapa nyumbani ambacho Baba hakijibu vibaya. Kabati na vitanda vya mji huu, robo yake vimepanda nyuma ya pikapu ile. Injini ya zamani ilipopasuka, na yeye akaanguka kwa kiharusi muda mfupi baadaye, gari likawekwa uani juu ya matofali. Tangu hapo kila asubuhi alikuwa anatoa kiti, anakaa mbele ya boneti, mguu umenyooka, anaangalia. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa anapita na mizani yake kuuliza kama limeiva. Baba anamjibu arudi wiki ijayo. Mama na mimi tuliogopa siku moja atamwambia alichukue, kwa sababu tulijua siku hiyo mwenye gari naye atakuwa amekata tamaa.

Na jambo jingine, ambalo kwenye simu hatukuweza kukwambia kwa sababu yeye huwa kaegesha sikio pembeni. Alikuwa ameapa kwamba injini yako ikiwaka, ataendesha mwenyewe. Si unajua usemi wake, gari ni kama mswaki, haliazimwi. Mimi naendesha la mikate mwaka wa ngapi huu, lakini usukani wa Mama Mkwe nilikuwa sijaushika hata likiwa limezimwa. Na klachi inakanyagwa kwa mguu wa kushoto, Mjomba. Hapakuwa na mtu wa kumwambia. Kila alipoanza habari za safari ya kwanza, Mama alikuwa anakumbuka ana sufuria jikoni.

Fundi tuliyempata tunamwita Haraka, kwa sababu hajawahi kuwa nayo. Ni fundi wa injini na pia mchomeleaji, na kabla ya kushika spana lazima kwanza anywe chai na alizunguke gari kama anayetaka kulioa. Tulilipeleka gereji kwake kwa kuburuta. Alifunga mnyororo kwenye boriti, akainyanyua injini yako, watu wakatoka maduka ya jirani kuja kuiangalia inavyoning'inia. Mmoja akauliza kama ni ya meli. Baba alifurahi sana, akajifanya hakusikia ili aulizwe tena.

Tukaiteremsha taratibu. Mbele ikagusa rejeta. Nyuma ikagusa ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Na bado ilikuwa haijakaa. Haraka akaizungusha, akaiinamisha, akaipandisha tena. Haikuingia.

Baba aliiangalia inavyoning'inia. Halafu akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, nimpigie simu yule mtu wa vyuma chakavu, aje na mizani.

Hapo ndipo Mama alipoweka mkono mdomoni. Unakumbuka ulipotuomba vipimo, Baba alikuwa bado kitandani, Mama ndiye aliyeingia chini ya boneti na ile futi yake ya kushonea. Sasa, Mjomba, dada yako unamjua. Tangu ashike cherehani hajawahi kumwandika mteja kama alivyo. Mtu akipimwa kiuno, Mama anaongeza nafasi ya mshono, kisha anaongeza na vidole vya kupumulia, kwa sababu anasema binadamu hunenepa bila kutoa taarifa. Basi gari nalo alilipima hivyohivyo. Akaliongezea mshono, akaliongezea na pumzi. Wewe huko ukaona nafasi ipo tele, ukafurahi, ukaachana na ya silinda nne kama ile iliyopasuka, ukatuundia ya silinda sita.

"Nilidhani litanenepa," Mama alisema.

Mjomba, Baba alicheka. Alicheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi, akashika ukuta. Tangu augue hatukuwa tumemsikia akicheka, na mimi nilikuwa nimeanza kuisahau sauti yenyewe. Haraka akaweka spana chini akacheka naye, na Mama, aliyekuwa karibu kulia, akaanza kuwatukana wote wawili. Simu kwa mtu wa vyuma sikuipiga. Ungeijenga injini ya saizi sawasawa, siku ile tusingeipata, kwa hiyo usijilaumu hata kidogo kwa ukubwa wake.

Tulipotulia, Haraka alieleza. Rejeta ingeweza kusogezwa mbele kidogo, lakini haitoshi. Nafasi iliyobaki lazima ikatwe kwenye ule ukuta wa bati, bati jipya liingie ndani ya kabini, mahali pa miguu. Ndiyo ile ya kata pua uunge wajihi. Mama alisema hilo ni jambo dogo, nguo ikibana huachiwa, hata kama ni ya bati. Akaomba karatasi ya kaki akaanza kumkatia Haraka ruwaza ya huo ukuta mpya, amepiga magoti sakafuni kwenye oili na gauni lake la kanisani.

Lakini kulikuwa na kasoro. Injini ingesogezwa kidogo upande mmoja, ili bati linaloingia ndani libane miguu ya mtu mmoja tu na kumwachia mwenzake. Ni wa upande gani atakayebanwa? Haraka hakuuliza. Alijua mwenye gari ndiye dereva, na alikuwa ameuona ule mguu usiokunjika, akatoa chaki yake akachora mstari upande wa abiria, upande wa dereva akauacha huru.

Mama aliacha kukata. Mimi nikajifanya natafuta kitu mfukoni. Tulijua sote wawili kwamba ule mstari ukikatwa, Baba atakuwa na nafasi ya kuunyoosha mguu mbele ya klachi ambayo hawezi kuikanyaga, na hakuna atakayethubutu kumzuia asijaribu.

Baba aliuangalia ule mstari. Akasogea mpaka mlangoni mwa gari, akaingiza fimbo ndani, akaifuta ile chaki kwa ncha yake, polepole, mpaka ikaisha. Akanyoosha mkono kwa Haraka apewe chaki. Akachora mwenyewe, upande wa usukani.

"Kata huku," alisema. "Dereva mwenyewe mfupi."

Hakunitazama. Alirudi kwenye kiti chake akaanza kulalamika kwamba chai ya gereji ile haina sukari. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya ukuta, nikalia vizuri, nikanawa uso kwenye pipa la maji, nikarudi. Hakuna aliyeniuliza, nami nikawashukuru kwa hilo pia.

Kazi ilimchukua Haraka muda wake, na kwa jina lake hilo hutashangaa. Mama alikataza injini isiwashwe hadi breki zibadilishwe ziwe za kutosha kuizuia, na hapo tulimwona ana akili kuliko sote. Springi za mbele nazo ziliongezwa nguvu. Yule mnunuzi wa vyuma alipita na mizani yake siku ya kuiteremsha tena, Baba akamwambia aiweke chini ashike mnyororo. Akaushika. Injini ilikaa kama imezaliwa humo.

Ilipowaka, Mjomba, sitasema mengi. Ilinguruma kwa utulivu, kama mtu mnene anayecheka peke yake. Baba alivua kofia.

Safari ya kwanza ilikuwa kabati la milango mitatu, kutoka karakana ya seremala hadi nyumba ya juu kabisa, kule kwenye tangi la maji, mlima ambao injini ya zamani ilikuwa haiumalizi bila kuchemka. Nilikalia mto. Mama ameushona kwa kile kipande cha blanketi lako kilicholowa oili, maana kilikataa kutakata na kukitupa hakuweza. Kilichobaki amekizungushia upindo upya, na Baba anajifunikia mguu. Alikaa upande wa abiria, mguu umenyooka mpaka mwisho, na njia nzima alikanyaga breki isiyokuwepo. Nikibadilisha gia, anabadilisha na yeye hewani. Aliniambia nimekosea kila kona. Tulipofika kileleni mshale wa joto ulikuwa haujasogea, akapapasa dashibodi kwa kiganja kama alivyokuwa akinipapasa mimi kichwani nilipokuwa mdogo.

Ameniagiza nikuandikie kwamba injini yako ni kubwa mno na inakunywa mafuta kama mgeni asiyejua nyumba ina shida. Mama amesema shukrani ya punda ni mateke. Lakini mimi nimemwona Baba akimweleza kila anayepita kwamba hii iliundwa na shemeji yake, kwa mikono, na anamfungulia boneti aone.

Mjomba, hukutoa kitu kidogo. Nimejaribu kutafuta neno zaidi ya asante na sijalipata. Kiti cha Baba kimerudi ndani. Asubuhi haketi tena mbele ya gari, anaketi ndani yake, ananisubiri nimalize mikate.

Msalimie sana mkaza mjomba, mwambie kitambaa alichomtumia Mama kimeshakuwa gauni, na kina nafasi ya kunenepa. Wabusu mapacha. Haraka anakusalimu, anasema angependa kuushika mkono uliofunga zile nati. Mama anasema uvae kitu kizito, blanketi jingine linakuja, ameshalipima. Baba anakusalimu pia, ingawa atakataa.

Mungu akulinde wewe na mikono yako, akurudishe nyumbani ukiwa mzima. Siku ukija, usikodi gari. Tutakufuata sisi.

Wako akupendaye,

Dereva mfupi