Kiapo Kisicho na Mahali wala Tarehe

Dada yangu Ester,

Tangu tukuzike sijaweza kukuandikia bila hasira, na leo pia ninayo. Shauri la nyumba ya Chapwa limeisha. Tumeshindwa.

Unaikumbuka siku ile. Kikundi chetu cha akina mama wa Mlowo kilikuwa kimekubali kumkopesha Baba Yohana, mnunuzi wa mahindi wa Tunduma, naye akaweka dhamana nyumba yake ya kule Chapwa. Wewe, mwenyekiti wetu, ulisema fedha haitatoka mpaka mkewe aape mbele ya wakili kwamba ameridhia. Presha ilikuwa imekulaza, ukanituma mimi katibu wako.

Nilikaa na Mama Yohana benchi moja ofisini kwa wakili, pale Tunduma. Wakili alimsomea karatasi ya kiapo polepole, akamuuliza kama ameelewa. Akajibu kwa sauti ya kusikika, "Nimeelewa, na nimekubali." Akasaini. Wakili naye akasaini, akagonga muhuri, akaitwa nje na mteja mwingine. Chini kabisa palikuwa na mstari wa kuandika mahali kiapo kilipotolewa, na mwingine wa tarehe. Yote ilikuwa mitupu.

Niliiona, dada. Nikajiambia hayo ni mambo ya ofisi, nikakunja karatasi nikawahi gari. Nyumbani uliniuliza kama nimesoma mpaka mwisho. Nikasema ndiyo, nawe ukasaini mkopo utoke.

Biashara ilipomharibikia Baba Yohana tukataka kuiuza nyumba. Mkewe akaenda baraza la ardhi kule Vwawa kutuzuia. Hakusema uongo hata mara moja. Wakili wake aliinua tu ile karatasi na kuonyesha mistari mitupu. Nikasimama nikaeleza kwamba nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Mwenyekiti wa baraza alinisikiliza kwa upole, kisha akasema kiapo kisichoonyesha kimeapwa wapi na lini si kiapo. Kwa hiyo ridhaa ya mke hakuna, na rehani imeanguka. "Deni lenu lipo," akasema. "Dhamana ndiyo haipo."

Nje nilimfuata Mama Yohana. Sikutaka ugomvi, nilitaka anitazame tu. Akanitazama.

"Nilikubali siku ile, dada, na wewe unajua," akasema. "Lakini hawa watoto ningewalaza wapi?"

Angekuwa mwongo ningemchukia nikapumua. Sasa nimebaki kumkasirikia wakili aliyeshindwa kushika kalamu dakika moja zaidi, na baraza lililoujua ukweli likashindwa kuusimamia. Hata wewe nimekukasirikia, kwa kuondoka ukiwa bado unaniamini.

Jumapili baada ya ibada niliwaambia wanachama yote, pamoja na kwamba niliiona ile mistari. Hakuna aliyenifokea. Bibi Tabu, aliyekuwa akitegemea akiba yake kununua miche ya kahawa, ndiye pekee aliyeuliza.

"Hapo palipoachwa palitakiwa kuandikwa nini?"

"Tunduma," nikamjibu. "Na tarehe ya siku ile."

"Basi?"

"Basi, bibi."

Akafunga kanga yake kiunoni, akachukua jembe lake mlangoni, akaondoka bila kuniaga. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, nikabaki na daftari la mahudhurio na viti vya kurudisha kanisani.

Pumzika, dada. Nilitaka uyasikie haya kwangu.

Mdogo wako,
Neema