Turbo Kwenye Pikapu ya Baba

Kianjai

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mkono ambao bado umevimba, na naomba salamu hizi zikukute umekaa pale mlangoni ukichambua ndengu, goti likiwa limetulia. Hujambo? Mvua imefika Siakago, au bado mnaitazama ikinyeshea watu wa Runyenjes? Mbuzi wa Shangazi wameacha kuingia shambani kwako? Mimi ni mzima kiasi. Jino moja la mbele halipo, na nikicheka ubavu unauma, ingawa kwa wiki hizi mbili sijapata cha kunichekesha.

Najua unashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Juzi uliponipigia ukaniambia nije nyumbani Jumamosi, kwamba Mjomba atakuwepo na mbuzi wa kutupatanisha mimi na Ireri ameshapatikana, nilijibu ndiyo Mama, ndiyo Mama, halafu nikakata simu nikakaa chini. Kwa simu siwezi. Wewe ukianza kulia mimi hunyamaza, na nikinyamaza tena huyo mbuzi ataliwa na jambo hili litaishia hapo. Najua pia macho yako siku hizi hayashiki maandishi madogo, na atakayekusomea ni Ireri mwenyewe, na plasta yake mkononi. Sawa. Asome.

Umeambiwa mengi. Kuna waliopiga simu kutoka huku wakasema nilitaka kumuua ndugu yangu wa tumbo moja kwa sababu ya gari. Halafu Ireri akarudi nyumbani akakuambia nilimpiga mara moja tu, tena kumwokoa, ukamshukuru Mungu na kuanza kutafuta mbuzi. Ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Siku ulipotupa ufunguo wa pikapu ya Baba ulisema ni yetu sote wawili, Ireri aendeshe na mimi nitengeneze. Tukaja nayo huku. Lakini wenye miraa hawana subira, Mama. Miraa ikishakatwa na kufungwa kwa majani ya mgomba, lazima ifike Nairobi kabla haijanyauka, kwa hivyo pikapu zenye mbio ndizo zinazopakiwa kwanza. Yetu ilipakiwa mwisho, mara nyingi mabaki. Walimcheka Ireri mbele ya watu. "Wewe mtu wa muguka, peleka hiyo ng'ombe yako ikalime," walikuwa wakimwambia, kwa sababu sisi hutafuna majani ya muguka na wao vijiti vya miraa. Unamjua Ireri. Alikuwa akirudi amefura, anapiga teke kila kitu kilicho njiani, na mara mbili tulishikana mashati kwa ajili ya sahani ya chakula.

Ndipo akaanza wimbo wa turbo. Turbo ni kidude cha chuma chenye umbo la konokono. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu dogo ndani yake, na gurudumu la pili upande wa pili linasukuma hewa kwa nguvu kuirudisha kwenye injini. Hewa ikizidi, unaongeza dizeli, na gari linakuwa na mbio. Nilimwambia injini ya Baba ni ya zamani, haikuzaliwa na kitu hicho, pistoni na gasketi zake hazikutengenezewa kubeba nguvu hiyo. Nilimwambia hivyo wiki tatu. Halafu nikakuta turbo ya gari lililoanguka, nzima kabisa, na mimi mwenyewe nikashikwa. Sikulazimishwa. Nilitaka watu wa Kianjai waone fundi kutoka Siakago anaweza nini.

Na kweli waliona. Ile pikapu iliruka. Yale mabonde ya barabara ya Embu ilikuwa ikiyapanda na mzigo mzima kama haina kitu mgongoni. Siku ya kwanza Ireri alinipigia akiwa Karurumo, anacheka peke yake kwenye simu mpaka nikacheka. Kwa siku kumi tulikuwa ndugu tena.

Sasa nikwambie kosa langu, kwa sababu hili halijasemwa na mtu. Turbo inakunywa oili ya injini, na hiyo oili lazima ianguke kurudi chini kwa mpira ulionyooka. Mahali pa kupitishia mpira huo palikuwa na kile chuma cha Baba. Unakikumbuka, kile alichochomelea mwenyewe kushikilia injini mwaka ilipovunjikia Kiritiri, akaomba mashine ya kuchomelea kwa mtu asiyemjua, na kazi ikatoka imevimbavimba. Nilichukua msumeno nikakaa chini ya gari, nikakitazama, nikashindwa kukikata. Nikaupitisha mpira juu yake. Ukapanda kidogo kabla ya kushuka. Nikajiambia ni sentimita tu.

Asubuhi ya siku ile Ireri alikuja gereji amewaka.

"Inatoa moshi ya bluu," akasema. "Oili inaingia kwa hewa. Mpira wako umekaa vibaya, kata hiyo chuma."

"Chuma ya Baba haikatwi."

"Baba amekufa, Nthiga. Gari ndiyo iko hai."

"Endesha gari. Ufundi niachie."

Hapo akaja karibu mpaka nikasikia pumzi yake. "Baba angekuwa hai," akasema, "hangekupatia hata spana ushike."

Mafundi wenzangu walisikia. Ireri alitia gari moto akaenda kupakia, na mimi nikaendelea kufungua gurudumu la lori la watu. Kila nati niliyofungua niliifungua na yale maneno.

Saa sita za mchana wakimpakia mbele ya bucha ya Mzee Athumani, nikasikia injini inapanda. Nilidhani anawaonyesha maringo. Lakini ilipanda, ikapita pale inapopaswa kukoma, ikaendelea. Oili ilikuwa imeingia kwenye hewa, na injini ilikuwa inaichoma badala ya dizeli. Ikifika hapo haizimiki, Mama. Ireri alichomoa ufunguo, ikazidi kulia. Akatia gia ya nne na kukanyaga breki ili kuikaba, klachi ikaungua tu. Moshi mweupe ulifunika soko lote, watu wakaangushana, akina mama wakaacha ndizi chini na kukimbia. Mlio ule sijawahi kuusikia kwa kitu kisicho na uhai.

Nilikimbia na spana ya magurudumu mkononi. Nilipofika Ireri alikuwa ameinua boneti na kung'oa bomba la hewa. Nilijua anachotaka kufanya, kwa sababu Baba alitufundisha sote wawili. Injini ikikataa kuzima, ziba hewa yake kwa kiganja, itakufa. Kwa injini ile ya zamani kiganja kilitosha. Lakini sasa nyuma ya huo mdomo palikuwa na gurudumu la turbo, linazunguka kasi ambayo jicho haliioni, linavuta. Lingemla vidole vyote. Nilipiga kelele, hakuna kitu kilichosikika. Kiganja chake kilikuwa kimebakisha upana wa kisanduku cha kiberiti. Nikampiga mkono kwa ile spana.

Injini ikapasuka wakati huo huo. Chuma kilitoboa ubavu wake, kikapita kati ya miguu ya watu na kuangusha mizani ya Mzee Athumani, na nusu ya ng'ombe iliyokuwa imening'inia ikaanguka sakafuni. Kila mtu alikuwa amelala chini. Walipoinua vichwa walimwona Ireri amejikunja mbele ya gari analia, na mimi nimesimama juu yake na spana.

"Ameua ndugu yake!" mtu akasema.

Sikuwahi kujua binadamu ana mikono mingi hivyo. Jiwe la kwanza lilinipata sikioni. Nikaanguka, wakanipiga mateke, mtu akasimama juu ya mkono wangu na kuzungusha kisigino. Watu ninaokunywa nao chai kila asubuhi, Mama. Mmoja nilimtengenezea pikipiki bure wakati mke wake yuko hospitali, na ndiye aliyening'oa jino. Nikasikia sauti ikisema, "Leteni tairi." Unajua maana yake. Nilijikojolea, na sioni haya kukuambia.

Mzee Athumani ndiye aliyeniokoa. Alinishika ukosi akaniburura mpaka ndani ya bucha, akasimama mlangoni na kisu chake.

"Hapa kwangu hakuna mtu atauawa," akasema. "Mimi nachinja ng'ombe peke yake. Anayetaka huyu kijana aanze na mimi."

Nilikaa pale chini kati ya nyama iliyoanguka, sijui damu ipi ni yangu na ipi ya ng'ombe, nikimsikia Ireri nje akiwaambia watu kwa sauti inayokatika, "Mwachieni. Aliniokoa mkono. Mwachieni brathe yangu." Wakatawanyika polepole, wengine wakiokota mizigo yao kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hivyo ndivyo mnavyojua huko nyumbani, na mpaka hapo ni kweli. Lakini kuna mahali nimeruka. Ireri, umefika hapa, nakuomba usiruke. Soma kama nilivyoandika.

Pigo la kwanza lilikuwa la kumwokoa. Hilo siliogopi hata mbele ya Mungu. Mkono ulitoka kwenye ule mdomo, akaanguka kwa magoti, na mkono ukalala juu ya bampa, mbali kabisa na turbo. Hatari ilikuwa imekwisha. Akainua uso akanitazama. Nikainua spana nikaupiga tena pale pale ulipolala, na baada ya hilo ndipo injini ikapasuka. Nimesema hapo juu kwamba ilipasuka na pigo la kwanza. Nilikudanganya hata katika barua hii, nikaona niache uone jinsi ilivyo rahisi.

Pigo hilo la pili sikuwa naokoa kitu. Nilikuwa nampiga kwa yale maneno ya asubuhi, na kwa sababu kuhusu mpira na kile chuma alikuwa amesema kweli. Nilitaka aumie. Nilisikia mfupa, na kwa muda mfupi nilifurahi, Mama. Ni furaha hiyo inayoninyima usingizi, kuliko jino na mbavu.

Hospitalini daktari aliitazama picha akasema mfupa umevunjika mahali pawili. Ireri akamwambia pa pili ni pale alipoangukia jiwe. Daktari alipotoka, Ireri akaniuliza polepole, "Na ile ingine ilikuwa ya nini?" Nikajifanya namrekebishia shuka. Akageukia ukuta. Kesho yake nilimsikia akimwambia Mjomba kwenye simu, mara moja tu, mara moja. Amenibebea uongo kwa mkono niliouvunja, na mimi nikaja kujibu ndiyo Mama, ndiyo Mama.

Kile chuma cha Baba nimekikata sasa, ingawa injini yenyewe imekufa. Ilichukua dakika kumi. Nimekifunga kwenye gazeti na kumpa pamoja na barua hii mama mmoja anayekuja huko kununua ndengu. Ukiweke unapotaka.

Msalimie Shangazi na mbuzi wake watundu. Msalimie jirani yetu mwalimu, mwambie namkumbuka kwa viboko vyake, havikutosha. Msalimie Mjomba, na mwambie asishike kisu Jumamosi kabla hujamweleza yaliyomo humu. Ukisikia yote na bado unataka nije, nipigie uniambie njoo, nitaacha spana pale ilipo na kuja hata kwa miguu. Simu isipolia, nitaelewa, na sitakulaumu.

Na wewe Ireri, samahani. Neno ni dogo na mkono ni mkubwa, lakini sina lingine.

Mama, najua moyo wa huyu mtoto wako wa mwisho. Anaweza kukusomea pigo moja ili kunisitiri. Basi chukua karatasi mwenyewe, sogea dirishani. Neno la kweli nimeliandika hapa chini kwa ile kalamu nene ninayoandikia vipuri, ulione bila miwani wala msaada wa mtu.

MBILI

Mwanao,
Nthiga